Goli la kona hufungwa kabla kona haijapigwa (uzi wa mipira iliyokufa: kona, faulo, mipira ya kurusha)

Fundi Kona (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, asiye na muda aupite tu, sitanuna.

Msimu uliopita nilikuwa benchi la ufundi la timu yetu ya mtaani. Benchi lenyewe ni mimi na mfuko wa mipira. Fainali, dakika ya 88, ngoma ni moja moja, wapinzani wanapata kona. Namba tano wetu, kijana mrefu na mwenye nguvu, nilishamwambia amkabe namba tisa wao na asimwachie hata akienda kunywa maji. Kona ikamwagwa, namba tisa akapiga kichwa peke yake kama yuko mazoezini. Goli. Kilichofuata mnakijua: kila mtu akamgeukia namba tano. Mimi mwenyewe nilimfokea mbele ya watu.

Nyumbani nikaangalia video. Mchezaji wetu mmoja wa akiba alikuwa nyuma ya goli anarekodi kwa simu. Mara ya kwanza niliona kilekile nilichokiona uwanjani, beki kapotelewa na mtu wake. Nadhani ilikuwa mara ya kumi ndipo nikaacha kuuangalia mpira. Namba sita wao, ambaye hata hakuruka, alikuwa amesimama hatua mbili mbele ya namba tisa, mgongo kwa goli, anajifanya anafunga kamba. Mpigaji aliponyoosha mkono juu, namba tisa akazunguka nyuma ya yule namba sita. Namba tano wetu akamfuata, akajigonga kwenye bega la namba sita. Haikufika hata sekunde. Alipojinasua, jamaa alikuwa keshakimbia hatua tatu, na mtu aliyekwisha kukimbia hatua tatu humkabi tena, unamsindikiza. Lile goli liliingia mpira ukiwa bado umelala pale kwenye kibendera.

Nilimpigia simu namba tano usiku uleule. Hayo ni yetu.

Tangu hapo nimekuwa mgonjwa wa kona, na hoja yangu ni hii: mjadala wa kukaba maeneo (kila beki analinda sehemu yake) au kukaba mtu kwa mtu unatupotezea muda. Kila timu ikifungwa kwa kona, mchambuzi anaweka duara jekundu kwenye beki aliyerukiwa. Mimi naangalia kwingine. Nataka kujua aliyepiga kichwa alianzia wapi mbio zake, na ni nani alipaswa kuziharibu.

Kumbukeni nusu fainali ya Kombe la Dunia 2010, Hispania na Ujerumani. Ujerumani wana Per Mertesacker pale nyuma, sentimita 198. Dakika ya 73 Xavi anapiga kona, mfungaji ni Carles Puyol, sentimita 178. Puyol hakuwa amesimama na Wajerumani ndani ya sita (kile kiboksi kidogo cha golini), alikuja mbio kutoka mbali, kule ukingoni mwa kumi na nane (boksi kubwa), na hakukutana na mtu njiani. Aliyesimama wima anaruka kwa nguvu ya magoti peke yake. Anayekuja mbio anaruka na uzito wote alioubeba. Urefu wa Mertesacker haukusaidia kitu.

England ya 2018 nao walilielewa hili mapema. Kocha wao Gareth Southgate alikwenda Marekani kuangalia mpira wa kikapu, akaona jinsi wale jamaa wanavyowekeana vizuizi ili mwenzao apate nafasi. Kule Urusi tukaona foleni yao, watu wanne wanasimama kwa mstari katikati ya boksi kama wanasubiri daladala, halafu mpira unapokaribia kupigwa kila mmoja anachomoka upande wake. Beki ukimkaba mtu aliyeko katikati ya foleni, utapita wapi? Walifunga magoli 12 mashindano yale, na 9 yalitokana na mipira iliyokufa, penalti zikiwemo.

Karibuni mnipinge.

Namba Tano Mstaafu

Mkuu, nimesoma mpaka mwisho na nakupinga nusu.

Nimecheza beki wa kati miaka mingi, ngazi ya chini lakini vichwa ni vilevile. Ubaya wa kukaba maeneo ni kwamba goli likiingia hakuna mwenye kosa. Kila mmoja anasema mpira haukuja kwenye eneo langu. Mtu kwa mtu, nikifungwa najua ni mimi, na wiki nzima silali vizuri. Ile hofu inakaba kuliko mafunzo yoyote.

Halafu hicho kizuizi cha namba sita kina dawa. Hukai nyuma ya mtu wako. Unasimama upande, nusu hatua, mkono mmoja unamgusa kiunoni kidogo tu ujue yuko wapi, jicho moja kwenye mpira. Akianza kuzunguka unaanza naye, hufuati. Kijana wako alikuwa anamwangalia mpigaji. Mkono ulipopanda juu, macho yake yalipanda nao.

Fundi Kona

Hapo kwenye macho umenipiga, nimerudi kwenye video na ni kweli.

Lakini hofu haimsaidii beki aliyezuiwa njia. Hata ukisimama nusu hatua, wapinzani wakiwa wawili wanaoshirikiana dhidi yako mmoja, hesabu ni mbaya. Ndiyo maana timu nyingi kubwa leo zinachanganya. Wanne au watano wanakaa kwenye mstari wa sita, wale warefu, kazi yao ni mpira tu. Wengine wawili au watatu, mara nyingi wafupi, wanapewa wakimbiaji. Hawa sijui niwaite nani, mimi nawaita wasumbufu. Msumbufu hapigi kichwa kabisa. Anasimama mbele ya mkimbiaji, anampa kifua, anamchelewesha, anamfanya aruke akiwa amesimama. Ukimharibia zile hatua tatu, beki wako mrefu kwenye eneo lake anamaliza kazi.

Kwa hiyo hofu yako ibaki, ila tuihamishie kwa msumbufu. Goli likiingia, naye ana la kujibu.

Glovu Mbovu

Mabeki mnaongea kama vile golini hakuna mtu.

Mimi ni kipa. Niwaambie ninachokiona kona inapopigwa: migongo. Mmoja amenikalia mbele, mwingine ananikanyaga kidole cha mguu kwa bahati mbaya ya kila kona, na beki wangu mwenyewe, aliyekuja kunisaidia, ndiye amenizibia kabisa nisione kibendera. Kona mbaya kuliko zote ni ile inayojikunja kuingia golini, yule wa mguu wa kulia anapiga kutoka kushoto. Ile hata isipoguswa na mtu inaweza kuzama. Marcos Coll wa Colombia aliifunga moja kwa moja kutoka kwenye kona mwaka 1962, Kombe la Dunia, na golini alikuwepo Lev Yashin. Yashin! Mimi ni nani?

Siku hizi washambuliaji wameshagundua kwamba kipa ndiye msumbufu wao mkuu, kwa hiyo wanaanza na yeye. Angalieni Arsenal tangu alipokuja Nicolas Jover, kocha wao wa mipira iliyokufa, mwaka 2021. Ben White alikuwa na kazi ya kumganda kipa kama kupe, wengine wanaanzia nguzo ya mbali, wanakuja kwa kundi, halafu Gabriel anatokea mtu hajui alikotoka. Kipa akitaka kutoka, njia imefungwa. Akibaki kwenye mstari, mpira unashuka mita mbili mbele yake na yeye anatazama.

Ninachowaomba mabeki wangu ni kimoja: mtu mmoja wa kumwondoa anayenikalia. Msinijazie watu watatu. Nguzo nitaitunza mwenyewe.

Kipenga Baridi

Mwamuzi hapa (madaraja ya chini, msianze kunitukana).

Niwasaidie kwenye hivi vizuizi maana naona wengi mnadhani ni ruhusa tupu. Mchezaji ana haki ya kusimama alipo, kusimama si kosa. Kosa ni kuhamia kwenye njia ya mwenzako ukimzuia wakati mpira hauko karibu nanyi kuucheza. Ukimzuia bila kumgusa ni faulo isiyo ya moja kwa moja, ukimgusa ni faulo ya moja kwa moja, na kama aliyefanya ni beki ndani ya boksi lake, hiyo ni penalti. Yule namba sita wa kwenye video ya mkuu, kama alikuwa pale tangu mwanzo na hakusogea, mimi nisingepuliza.

Kitu ambacho hata wachezaji hawakijui: mpira usipokuwa umepigwa, haupo mchezoni. Mkikumbatiana na kuvutana jezi kabla ya kona kupigwa, siwezi kutoa penalti hata mchaniane nguo. Naweza kuwaita, kuwaonya, kutoa kadi, halafu kona inapigwa kama kawaida. Ndiyo maana mnatuona tunasimamisha, tunakwenda kuongea na watu wawili, tunarudi, wanaanza tena. Tunajua wataanza tena.

Na kona zitaongezeka, jiandaeni. Tangu Julai 2025 kipa akiushika mpira zaidi ya sekunde nane, adhabu ni kona kwa wapinzani.

Glovu Mbovu

Hiyo sheria sitaki hata kuizungumzia.

Mgeni wa Jukwaa

Samahani wakuu, swali la kijinga. Kwa nini timu inayopigiwa kona isirudishe watu wote kumi na mmoja golini? Nafasi ya kupita itakuwa wapi?

Fundi Kona

Si la kijinga ndugu, makocha wakubwa wanabishana hilohilo.

Ukirudisha wote, wapinzani nao wanapandisha karibu wote, maana hawana wa kumwogopa nyuma. Boksi linajaa, kipa haoni, mpira ukigonga goti la mtu hujui unaelekea wapi. Na ukifanikiwa kuuondosha, unakwenda kwa nani? Unawarudia wao, wanaumwaga tena. Ukimwacha mmoja mwenye mbio pale katikati, wao wanabakisha wawili. Ukiacha wawili, wengine wanabakisha watatu. Kila mmoja unayemwacha mbele anaondoa kichwa kimoja cha adui ndani ya boksi lako au zaidi. Timu yangu naacha mmoja tu, sababu ni woga wangu, si hesabu.

Namba Tano Mstaafu

Mpira wa pili, hapo ndipo watu wanapokufa. Kona ya kwanza imeokolewa, kila mtu anashangilia moyoni, mtu mmoja amesimama mita ishirini hajakabwa, anapiga au anaurudisha ndani. Zamani kocha wetu alikuwa akipiga kelele neno moja tu, "Toka! Toka!", mstari mzima unapanda mbio mpira ukiwa hewani. Aliyezubaa nguzoni anawafutia wapinzani wote kuotea. Mimi ni yule aliyezubaa nguzoni, mara mbili.

Kipenga Baridi

Na hapo kwenye kuotea: kona ikipigwa moja kwa moja hakuna kuotea, lakini ni kwa mguso ule wa kwanza tu. Mtu akiuchota kwa kichwa nguzo ya karibu, wa nguzo ya mbali naye anaanza kuhesabiwa. Ndiyo maana kona fupi inachekesha. Mpigaji anatoa pasi fupi, anabaki palepale karibu na mstari wa goli, anarudishiwa, kibendera kinapanda, anashangaa, anakuja kunifokea. Wewe ndiye uliyekuwa mbele ya kila mtu ndugu yangu!

Mshabiki Sugu

Nyinyi mnaandika vitabu. Kona ni mpe jamaa mrefu, basi. Kona mia moja zinazaa magoli matatu manne, ni bahati nasibu. Takwimu zenyewe zinawaumbua.

Fundi Kona

Matatu manne kwa mia, sawa, nakubali. Sasa hesabu kona unazopata msimu mzima, ongeza faulo za pembeni na mipira ya kurusha. Aliyeongeza mawili juu ya yale manne amejipatia mshambuliaji bila kumnunua. FC Midtjylland ya Denmark ilichukua ubingwa wake wa kwanza mwaka 2015 ikiwa imeichukulia mipira iliyokufa kama kazi ya kila wiki, wakati wengine wanafanya dakika kumi za Ijumaa.

Na mechi kubwa zinavyobana, mtu hapenyi katikati, kona ndiyo inayobaki. Fainali ya Kombe la Dunia 1998, Zidane alifunga mawili ya kona, na vichwa havikuwa sifa yake. Ugiriki walitwaa Euro 2004 kwa kichwa cha Charisteas, kona. Fainali ya AFCON ya Februari 2024, Troost-Ekong wa Nigeria anafunga kwa kona, Kessié wa Ivory Coast anasawazisha kwa kona. Ramos wa Real Madrid dhidi ya Atlético mwaka 2014, dakika ya 93, kona ya Modrić. Bahati nasibu gani hii inawapata watu walewale?

Mshabiki Sugu

Ramos alikuwa mrefu.

Fundi Kona

😂 Umeshinda.

Mgeni wa Jukwaa

Na faulo za karibu na boksi? Ile ya Uholanzi na Argentina 2022 mpaka leo sijaielewa.

Fundi Kona

Hiyo nimeiangalia kuliko harusi yangu. Robo fainali ya Kombe la Dunia, Argentina wanaongoza 2-1, dakika ya 11 ya nyongeza, pumzi ya mwisho. Uwanja mzima unasubiri mtu apige juu ya ukuta, maana nani hapigi golini dakika kama hiyo? Ukuta umejipanga kuruka, kipa amejipanga kuruka. Koopmeiners anakuja kama anapiga, kumbe anausukuma chini, pasi laini kabisa, inapita pembeni mwa ukuta. Weghorst anaupokea akiwa ameupa goli mgongo, anamweka beki nyuma, anageuka, anapiga. 2-2. Argentina walikuja kushinda kwa penalti, lakini ile dakika waliibiwa mchana kweupe.

Hoja yangu ni ileile. Ukuta umewekwa kwa ajili ya mpigaji, kwa hiyo wote mnamwangalia mpigaji. Aliyesimama pembeni mwa ukuta hakuwa na mwenyewe. Argentina wenyewe waliwahi kuwafanyia hivyo England mwaka 1998: Batistuta anaupita mpira bila kuugusa, Verón anampasia Zanetti aliyekuwa amejificha nyuma ya ukuta. Tangu 2019 washambuliaji hawaruhusiwi kuingia ndani ya ukuta wa watu watatu au zaidi, lazima wakae mita moja. Mita moja kwa mchezaji mwenye akili ni nyingi mno.

Glovu Mbovu

Kwenye ukuta naomba niseme la kipa. Wachezaji wanaruka wote, mpira unapita chini ya miguu, halafu lawama ni zangu. Ronaldinho aliwafanyia hivyo Werder Bremen mwaka 2006. Ndiyo maana siku hizi mmoja analala nyuma ya ukuta. Brozović wa Inter alipojilaza Camp Nou, uwanja wa Barcelona, mwaka 2018 watu walicheka, sasa hata watoto wanajilaza. Kwangu anayelala ni yule aliyekosa mazoezi.

Namba Tano Mstaafu

Tukiwa kwenye ukuta, tumkumbuke Mwepu Ilunga wa Zaire, Kombe la Dunia 1974. Brazil wana faulo, mwamuzi anapuliza, Ilunga anachomoka ukutani na kuubutua mpira mbali kabla hawajapiga. Dunia ilicheka miaka mingi, eti Waafrika hawajui sheria. Mwenyewe alikuja kusema sheria aliijua vizuri sana, alifanya makusudi. Mimi kila nikiona ukuta namuona yeye anatoka mbio.

Kipenga Baridi

Kadi ya njano. Stahiki kabisa. Lakini na mimi nilicheka.

Mshika Tochi

Wakuu, nimesoma uzi huu Alhamisi, Jumamosi nikajaribu. Nimeweka wasumbufu watatu, wafupi wote, warefu wanne kwenye mstari wa sita, na kipa nimempa mtu mmoja wa kumwondolea kupe. Tumepigiwa kona saba. Hakuna hata moja iliyofika golini. Kona ya tano namba tisa wao alimlalamikia refa kwamba winga wangu anamfuata kama deni.

Tumefungwa moja bila. Mpira wa kurusha. Jamaa anarusha kutoka pembeni mpaka ndani ya sita, sijawahi kuona.

Fundi Kona

Hahaha, pole sana mkuu. Umekutana na mjukuu wa Rory Delap. Yule wa Stoke aliwahi kuwa mtupa mkuki ujanani, mwaka 2008 kipa wa Hull City aliwahi kutoa mpira kona makusudi kuliko kumpa mpira wa kurusha.

Kwenye kurusha nako hakuna kuotea, kwa hiyo mstari wako kupanda hakusaidii. Ila kuna tofauti moja ya kukusaidia: mpira wa mkono unakuja taratibu kuliko wa mguu, na anayeugusa kwanza karibu kila mara ni mtu mmoja, yule anayesimama kwenye pembe ya sita, upande wa mrushaji. Mweke beki mbele yake na beki mwingine nyuma yake. Wasumbufu waache walewale kwa wanaokuja nyuma, maana mchoto wake ndio wanaousubiri.

Alisimama nani mbele ya yule wa kwanza Jumamosi?

Mshika Tochi

Hakuna. Wote tulikuwa tunamwangalia anavyoufuta mpira kwa jezi.